Mtumishi Wako Mtiifu

Ngwali aliacha mikarafuu minne,
baiskeli isiyo mnyororo
na kopo la biskuti lenye picha ya farasi.
Ndani ya kopo, barua thelathini na moja
za mabwana wakubwa wa Uingereza,
kila moja na sahihi yake.

Wenzake waliweka dhahabu. Yeye, karani wa korti ya Wete,
mshahara ukitoka alipitia kwa muuza karanga
kukagua karatasi kabla hazijawa vifuko.
"Subiri, subiri, hiyo usiipinde!"
Siku moja alinunua karanga pishi nzima
kwa sababu ya jina la Lodi mmoja lililolaliwa chini yake.
Tulizila karanga zile mpaka sikukuu.

Alizijua sahihi kama mfugaji ajuavyo ng'ombe wake.
Huyu aburura mkia. Huyu ana haraka.
Huyu wino umemdondoka, labda aliitwa kula.
Akazilaza baina ya vitambaa vya bafta,
karafuu kavu kila pembe, mende asisogee.
Mimi nilipokuwa na homa sikufunikwa hivyo.

Aliyoipenda kupita zote ilitoka London,
nzito, ukiinyanyua mbele ya taa waona taji limelala ndani.
Lilikuwa jibu kwa wachumaji wa Mtambwe
walioomba waongezwe senti mbili kwa pishi.
Ngwali alinifasiria, kidole hewani, asiiguse:
Ombi limesomwa.
Ombi limezingatiwa.
Waziri anasikitika.
Na chini, juu ya sahihi iliyojikunja kama tandu:
Nina heshima ya kuwa, Bwana, mtumishi wako mtiifu.

Nikamuuliza, mtumishi wa nani?
Wa Kombo Shaame, akasema, ndiye aliyeandikiwa.
Kombo yupi, babu yangu?
Aliyekufa anadaiwa kanzu?
Huyo huyo.
Basi mtumishi wake mbona hakuja
kuparamia mkarafuu alfajiri ya umande,
kamba kiunoni, tawi likilia?
Mbona hakutusaidia kuanua siku mvua ilipotuvamia,
karafuu zimetapakaa juu ya jamvi?
Ngwali alicheka hata akavua miwani.
Kisha akanyamaza, akafunga kopo.
"Ndio uungwana wao wa kuandika," alisema,
"usiushike kwa mikono miwili."

Jana kaja kijana kutoka Unguja Mjini,
glovu nyeupe, kioo cha kukuzia.
Thelathini alizipitia upesi, akazitajia bei ya samaki wa jana.
Ile ya tandu ikampa kikohozi.
Akaigeuza. Nyuma yake, kwa pini yenye kutu,
limebanwa ombi lenyewe, lilivyorudishwa.
Ngwali hakuwahi kunionyesha.
Halikuwa na sahihi, hakulihesabu.

Madole gumba kumi na tisa, wino wa zambarau.
Ubavuni mwa kila dole mtu kaandika jina:
Hamadi Chumu. Mize. Mbwana wa Kele.
Time binti Faki, nyanyangu,
na dole lake limekatika mstari katikati,
lile kovu nililokuwa nikilichezea
akinisinziza.

"Hili halina thamani," kijana akasema, akachomoa pini.
"Wateja wangu wanataka waziri."
Mchukue, nikamwambia.
Akahesabu noti. Zatosha mabati ya jiko,
na misumari.

Akatoa risiti, akaniomba nitie sahihi.
Kalamu naijua, nimesoma ngumbaru miaka miwili.
Nikapaka wino dole gumba,
nikalikandamiza mpaka meza ikalalamika.
"Kumbe hujui kuandika, bibi?"
Iweke tu, mwanangu. Usiipinde.

Kopo sasa lina karatasi moja.
Nimelitia karafuu mpya, za mwaka huu.
Pini nimeirudisha pahala pake,
katika tundu lile lile,
ingawa haina tena cha kubana.